Chonga Njia ya Kamera Kabla ya Plasta

Mabibi na mabwana, wengi wenu mmekuja na ramani za nyumba. Hebu zifungueni kwenye ukurasa wa stima. Soketi zipo, taa zipo, hata swichi ya hita ya bafu ipo. Kamera za nje ziko wapi? Hazipo! Nimelisema hili Ruai, nikalisema Syokimau, na leo nalirudia.

Njia ya kamera huchongwa kabla ya plasta. Kuta zikishasimama, na fundi wa stima akiwa bado anachonga mifereji ya soketi, mwambie achonge na ya kamera. Kila paipu ianzie pale kamera itakapofungwa, kwenye boksi lililozama ukutani, iishie chumba kimoja cha ndani kitakachokaa kinasa picha. Ya milimita 20 inatosha waya mmoja. Zikikutana mbili tatu, weka ya 25. Kama ni ghorofa, paipu za kupita kwenye slabu zilale kabla zege halijamwagwa. Ndani ya kila paipu acha kamba ya kuvutia waya. Mafundi wa plasta hawabagui tundu, watajaza simenti kila mahali, kwa hiyo ziba maboksi yote kwa karatasi ya mfuko wa simenti. Halafu piga picha kila ukuta, futi ya kupimia ikiwa imeshikiliwa kando ya paipu, ndipo uruhusu plasta.

Najua kuna anayesema moyoni, "Si siku hizi kuna kamera za waifai?" Zipo. Stima yake itafikaje huko nje ukutani? Na jiwe la kujengea la Ndarugo, la inchi tisa, linakula mawimbi ya waifai. Nimeitwa nyumba nyingi ambako picha inaganda kila saa, na tiba huwa ileile: kuchonga ukuta uliokwisha kupakwa rangi, kupiga plasta upya, kisha kupaka rangi upande mzima ili kiraka kisionekane. Wengine hukataa gharama hiyo, wakapitisha waya nje ya ukuta. Mwizi anahitaji koleo tu. Fundi aliyekuwa pale siku ya kuchonga soketi angeimaliza kazi hiyo kwa bei ya paipu na boksi! Inaniuma kila mara.

Waya wenyewe ni Cat6, ule wa mtandao wa kompyuta, unabeba picha na umeme pamoja hadi mita 100. Usiupitishe paipu moja na nyaya za stima.

Naona mwenyekiti anaangalia saa, nitakimbia. Urefu, mita mbili na nusu hadi tatu. Ukipanda zaidi utarekodi kofia, si sura. Hapa karibu na ikweta, kamera inayotazama mashariki au magharibi moja kwa moja itapigwa na jua asubuhi au jioni, igeuze kidogo. Isibanwe chini ya ukingo mweupe wa paa, maana usiku mwanga wa kamera yenyewe utairudia. Na imulike geti na ua wako, si dirisha la jirani: hapa Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na anaweza kukushtaki kwa Kamishna wa Data.

Kinasa na betri yake tutavizungumza kwenye maswali. Pale mezani kuna vipande viwili vya waya na kisu. Kwaruzeni vyote: kimoja ni shaba hadi ndani, kingine ni alumini iliyopakwa shaba. Hicho cha pili msikinunue.