Jua la Mtwara na Walinzi wa Mwilini

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za mchana. Asanteni kwa kutembea na jua hili la saa nane kuja kunisikiliza. Nusu ya somo mmekwishaifanya njiani.

Pale mlangoni mama mmoja kanisimamisha: "Daktari, mtu wa Mtwara atakosaje vitamini D, na jua lenyewe hili?" Tuanze hapo. Vitamini hii hutengenezwa kwenye ngozi, inapopigwa na mionzi ya jua ya aina ya UVB. Ngozi yetu nyeusi huichuja mionzi hiyo, kwa hiyo inahitaji muda mrefu zaidi juani kuliko ngozi nyeupe. Mvuvi wa Msangamkuu hana wasiwasi. Wamasai na Wahadzabe walipopimwa damu, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha wastani wa nanomoli 115 kwa lita, kiwango kizuri sana. Lakini karani anayeingia ofisini asubuhi na kutoka magharibi, mzazi aliyefungiwa ndani siku arobaini, mgonjwa wa kitandani: hao wanaishi Mtwara, ila jua la Mtwara wanalisikia joto tu. Hata ukikaa dirishani, kioo kinazuia UVB.

Sasa kinga. Wauza vidonge husema vitamini D "inaongeza kinga". Maneno hayo siyapendi. Kinga si gunia la korosho, kwamba kadiri unavyolijaza ndivyo unavyopata fedha. Ifikirieni kama ulinzi shirikishi wa mtaa. Mnataka vijana wa kumkamata mwizi, na mnataka pia mtu wa kuwaambia "basi!" kabla hawajampiga mgeni aliyepotea njia. Vitamini D inashiriki kazi zote mbili.

Chukueni kifua kikuu. Bakteria wake akifika mapafuni humezwa na seli ya ulinzi iitwayo makrofaji. Seli hiyo ikimhisi adui, huwasha mtambo wake yenyewe na kuigeuza vitamini D inayotoka kwenye damu kuwa homoni kamili. Sisi darasani tulikaririshwa kwamba kazi hiyo ni ya figo, kumbe na mlinzi naye ana jiko lake! Homoni ikishaiva hushika kipokezi chake, na jeni fulani huamshwa itoe kathelisidini, protini ndogo inayoua bakteria. Mwaka 2006 watafiti wa Los Angeles walionyesha kwamba seli zikiwekwa kwenye majimaji ya damu yenye vitamini D kidogo, silaha hiyo hutoka kidogo. Vitamini ikiongezwa, hutoka vizuri.

Na ile sauti ya "basi"? Homoni hiyohiyo huzituliza seli T, aina ya chembe nyeupe za damu, zinazochochea uvimbe, na kuzisaidia seli T dhibiti, zile zinazouzuia mwili usijishambulie. Katika jaribio la Marekani la watu 25,871, waliomeza yuniti 2,000 za vitamini D kila siku kwa takriban miaka mitano walipata magonjwa ya mwili kujishambulia kwa asilimia 22 pungufu kuliko wenzao.

Naona wengine mmeshaanza kuhesabu hela za duka la dawa. Polepole. Dar es Salaam hapo, watu wazima 4,000 wenye VVU na upungufu wa vitamini D walifuatiliwa tangu walipoanza dawa za VVU. Nusu yao walipewa vitamini D. Matokeo yalitoka mwaka 2020: haikupunguza vifo, wala haikuzuia kifua kikuu. Kinachotokea kwenye kisahani cha maabara hakilazimiki kutokea kwa mgonjwa. Mwenye kifua kikuu ameze dawa za kifua kikuu, zote, hadi zitakapokwisha.

Tena vitamini hii haitoki na mkojo kirahisi. Huhifadhiwa kwenye mafuta ya mwili. Ukizidisha vidonge, kalisi hupanda kwenye damu: kiu, kichefuchefu, figo kuharibika. Jua halikufikishi huko, maana ngozi hujizuia yenyewe. Kibua wa pwani na kiini cha yai navyo vina kiasi chake. Ndugu zetu wenye ualbino, habari ya kukaa juani haiwahusu kabisa. Kofia na losheni zibaki palepale.

Na yule kijana mwenye chupa ya vidonge mfuko wa shati, nimekuona. Njoo nayo hapa mbele, tusome hiyo lebo pamoja.