Diski Moja Imekufa Kwenye Seva ya Nyumbani: Fuata Hivi Kabla Hujagusa Kitu

Asalaam alaykum, karibuni. Leo nipo Chake Chake, kwa shemeji yangu anayepiga video za harusi. Sogeza sikio. Tik, tik, tik, kimya, halafu inaanza tena. Hiyo ni diski ambayo kichwa chake cha kusomea kinatafuta pa kushika na hakipaoni. Seva yenyewe mnaiona, kompyuta ya zamani ya ofisi, ndani ina diski nne za terabaiti 4 zilizofungwa pamoja kwa RAID 5, chini ya Linux, na programu inayozisimamia ni mdadm. Moja imekufa, na harusi za watu bado zinafunguka kama kawaida.

Zinafungukaje? Kwenye RAID 5, data ikiandikwa kwenye diski tatu, ya nne inaandikiwa hesabu ya zile tatu. Hesabu hiyo ndiyo pariti, na diski zote hupokezana zamu ya kuibeba. Chukua 3, 4 na 5, jumla yake 12. Nikikuficha ile 4, utaipata kwa kuchukua 12 ukatoa 3 ukatoa 5. Kompyuta yenyewe inatumia XOR badala ya kujumlisha, ila njia ni hiyo hiyo. Kwa hiyo kila shemeji anapofungua video sasa hivi, robo ya anachokiona inakokotolewa papo hapo. Nikikuficha namba mbili, hesabu haitoki tena. Diski iliyokufa imeshakufa, tuiache. Cha kuchunga ni hizi tatu zilizobaki, na mikono yetu wenyewe.

Shemeji kaniuliza, "Si tuizime tuiwashe kwanza?" Hapana shemeji, subiri. Diski iliyozunguka miaka bila kusimama, ukiizima, huenda isiamke. Na hizi tatu zina umri mmoja na ile iliyokufa, zilinunuliwa siku moja. Tutazima, ila baada ya kutoa cha muhimu.

Hatua ya kwanza ni kutazama tu. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika:

cat /proc/mdstat

Safu yetu, yaani diski zote nne zikihesabiwa kama kitu kimoja, ni md0. Ona mwisho wa mstari: [4/3] [UU_U]. Maana yake zinatakiwa nne, zinafanya kazi tatu. Kila U ni diski nzima, na kale kamstari ka chini ndiko kwenye pengo. Juu yake sdd1 imewekewa alama ya F, imeanguka. Ukiona vimistari viwili kwenye RAID 5, usifuate hatua zinazokuja sasa, ruka hadi karibu na mwisho wa video nitakapozungumzia diski mbili.

Sasa tuulize diski yenyewe inaumwa nini:

sudo smartctl -a /dev/sdd

Inatoka orodha ndefu, isikutishe. Nenda kwenye mistari yenye namba 5, 197, 198 na 199, usome namba iliyo mwisho kabisa upande wa kulia. Namba 5 ni sekta, yaani vipande vidogo vya diski, zilizoharibika zikahamishwa. 197 ni zinazosubiri kuamuliwa, 198 ni zilizoshindwa kusomeka. Hizo zikipanda, uso wa diski unaharibika. 199 ni habari nyingine: inahesabu makosa yaliyotokea njiani kati ya diski na ubao mama, yaani kwenye kebo. Ikiwa 199 ndiyo pekee iliyopanda na nyingine zote ni sifuri, usikimbilie kununua diski. Badilisha kebo ya SATA. Sisi wa visiwani hewa yetu ina chumvi na unyevu, na kebo za bei rahisi huanza kushika utandu kwenye ncha, hebu sogeza kamera uone hii, umeuona ule weusi? Halafu jua kwamba 199 hairudi sifuri hata ukiweka kebo mpya. Unachotazama ni kama inaendelea kupanda.

Hii ya shemeji, 197 na 198 zote zimejaa, na mlio mmeusikia. Imekwisha.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi wanaliruka: rudia amri ile ile kwa sdb, sdc na sde. Kujenga upya safu kunasoma kila sekta ya diski tatu zilizobaki, mwanzo hadi mwisho, hata zile sehemu ambazo hazijaguswa tangu harusi ya kwanza. Diski yenye sekta mbovu iliyojificha itaumbuka hapo, wakati ambapo huna akiba. Karatasi za diski nyingi za kawaida huahidi kosa lisilozidi moja kwa kila biti 10 kwa kipeo cha 14 zinazosomwa, ambayo ni kama terabaiti 12.5. Sisi tutasoma 12. Diski nzima kwa kawaida hufanya vizuri zaidi ya ahadi hiyo, lakini mimi harusi ya mtu siiwekei dau.

Ndiyo maana hatua ya pili kwangu ni kunakili, kabla hata diski mpya haijanunuliwa. Watu watakwambia RAID ndiyo bakapu yenyewe. Siyo. RAID inakufanya uendelee na kazi diski ikifa. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, inafutika kwenye zote nne kwa wakati mmoja. Chomeka diski ya nje, kwetu imekaa /mnt/nje, kisha ifanye safu, ambayo kwetu ni /data, iwe ya kusoma tu:

sudo mount -o remount,ro /data

Ikikataa ikisema inatumika, zima Samba kwanza, ile programu inayogawa faili kwenye mtandao, maana kuna kompyuta kwenye mtandao imeshikilia faili. Halafu:

sudo rsync -avP /data/harusi/ /mnt/nje/harusi/

Diski ya nje ikiwa ndogo, chagua. Shemeji ameanza na harusi ambazo wenyewe hawajakabidhiwa, kisha picha za familia. Filamu alizopakua zikae zilipo. Usiruke hatua hii hata kama diski zote tatu zinaonekana nzima.

Wakati nakala inakwenda, tuzungumze kununua. Hapa Pemba diski ya terabaiti 4 si kila siku unaipata, kwa hiyo unaagiza Unguja au Dar, inakuja na meli. Mwambie anayekununulia mambo mawili. Kwanza, asichukue diski ya aina ya SMR, ambayo njia zake za kuandikia zimelaliana. Kwa kuhifadhi video tu haina neno, ila kwenye kujenga upya RAID inazorota vibaya sana, nyingine hadi safu inaitoa ikidhani imekufa. Aombe CMR, ambayo njia zake hazilaliani. Pili, kama ni ya mtumba, aichomeke pale pale dukani na asome mstari namba 9 wa SMART, ile orodha inayotolewa na smartctl, ndio saa ambazo diski imefanya kazi. Muuzaji akikataa isichomekwe, arudi zake. Ukubwa uwe ule ule au zaidi, ikipungua hata kidogo mdadm itaikataa.

Diski imefika. Kabla ya kufungua kasha, tuijue maiti ni ipi. Jina sdd ni la muda tu, kesho kompyuta ikiwaka linaweza kuhamia kwa jirani yake. Jina lisilohama ni namba ya seriali:

lsblk -o NAME,SIZE,SERIAL

Andika herufi nne za mwisho za sdd kwenye karatasi, kwa kalamu, usizitegemee kichwani. Kisha toa diski kwenye safu:

sudo mdadm /dev/md0 --fail /dev/sdd1
sudo mdadm /dev/md0 --remove /dev/sdd1

Ile ya kwanza haina ubaya hata kama tayari ina F. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, fungua. Mnaona lebo zote zimeangalia ukutani? Waliounganisha kompyuta hizi hawakuwaza siku kama ya leo. Nafungua bisi za upande mmoja, naivuta kidogo, nasoma seriali kwa tochi ya simu, nalinganisha na karatasi. Mkimaliza kazi hii, bandikeni kikaratasi chenye seriali mbele ya kila diski. Ukichomoa nzima ukaacha mbovu, umebaki na mbili.

Weka mpya kwenye nafasi ile ile na kebo mpya. Washa. Rudia lsblk uone mpya imepewa jina gani, usiseme "itakuwa sdd tu". Yetu imekuwa sdd kweli. Kama una subira, ipime kwanza kwa smartctl -t long, inachukua saa kadhaa. Mimi napima kila mara, kwa sababu kuirudisha dukani ni safari ya baharini.

Sasa tunahitaji partisheni, yaani mgao wa diski, ifanane na za wenzake. Hapa naomba uache kunywa chai:

sudo sgdisk -R /dev/sdd /dev/sdb
sudo sgdisk -G /dev/sdd

Inayofuata mara baada ya -R ndiyo INAYOANDIKIWA, diski mpya. Ya mwisho ndiyo inayonakiliwa. Akili inasoma kinyume, "toa huku peleka kule", na ukizigeuza utakuwa umebandika jedwali tupu juu ya diski nzima. Isome kwa sauti kabla ya kubonyeza enta. Mstari wa pili unaipa diski mpya vitambulisho vyake, isigongane na sdb. Kisha:

sudo mdadm /dev/md0 --add /dev/sdd1
watch cat /proc/mdstat

Imeanza. Inakuonesha asilimia, kasi, na dakika zilizobaki. Kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde, terabaiti 4 ni saa saba na nusu hivi, na kasi hushuka diski inapokaribia njia za ndani. Mtu akitazama video kwenye seva wakati huo, inachelewa zaidi. Iacheni ipumzike.

Umeme ndio wasiwasi. Wetu unapita chini ya bahari kutoka Bara, Unguja unatokea Fumba, Pemba umekuja kutoka Tanga tangu 2010, na wa Unguja wanaikumbuka Disemba 2009 hadi Machi 2010 walivyokaa gizani. Siku hizi ni kukatika kwa muda mfupi, lakini kwa safu iliyo katikati ya kujengwa sekunde moja inatosha. Umeme ukikatika ghafla, data iliyokuwa inaandikwa huweza kubaki nusu, na safu yenye pengo ambayo haikuzimwa vizuri huwa inakataa kuamka yenyewe. Mdadm haiamini hesabu zake, na ina haki. Kwa hiyo yupiesi, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, iwepo, na betri yake uwe umeijaribu, maana yupiesi ya betri kuukuu ni pambo. Yenye waya wa USB ni bora, inaiambia seva ijizime kwa utaratibu chaji ikishuka. Seva ikizimwa vizuri, kazi huendelea karibu na ilipoishia.

Na wale niliowaahidi, wenye vimistari viwili. Toeni mikono kwenye kibodi kwanza. Mara nyingi diski ya pili haijafa, imekatika dakika moja tu kwa ajili ya kebo au pawasaplai. Angalieni kila moja:

sudo mdadm --examine /dev/sdc1

Soma mstari wa Events. Ni hesabu ya mabadiliko ambayo diski imeyashuhudia. Kama iliyotoka mwisho imepishana na wenzake kwa namba chache, kuna matumaini makubwa. Isimamishe safu, kisha iunganishe kwa nguvu, ukitaja diski zenye hesabu za karibu tu na kuiacha nje ile iliyokufa zamani:

sudo mdadm --stop /dev/md0
sudo mdadm --assemble --force /dev/md0 /dev/sdb1 /dev/sdc1 /dev/sde1

Ikiamka, nakili data kabla ya kufanya chochote kingine. Diski ya pili ikiwa na sekta mbovu kweli, usiilazimishe kabisa. Inakili kwanza yote kwenye diski mpya kwa ddrescue, hapa sdf ndiyo mpya:

sudo ddrescue -f -n -d /dev/sdc /dev/sdf ramani.map

Inachukua panaposomeka kirahisi kwanza, pagumu inapaacha, na faili la ramani linakumbuka ilipofika. Halafu iondoe ile mbovu, uunganishe safu kwa kutumia nakala. Kuna ushauri mtaani wa kuandika mdadm --create upya ili safu irudi. Kama hujui mpangilio wa diski, ukubwa wa vipande na mwanzo wa data vilivyotumika siku ya kwanza, usiiandike hiyo amri, hata akuambie nani.

Turudi kwa shemeji, asubuhi hii. [4/4] [UUUU]. Alhamdulillah. Bado tunaikagua pariti nzima:

echo check | sudo tee /sys/block/md0/md/sync_action

Ikimaliza, soma faili la mismatch_cnt kwenye folda hiyo hiyo, tunataka sifuri. Mwisho fungua /etc/mdadm/mdadm.conf, weka barua pepe yako kwenye MAILADDR, ujaribu kama ujumbe unafika:

sudo mdadm --monitor --scan --oneshot --test

Usipofika, seva yako haijawekewa njia ya kutuma barua. Tengeneza hiyo leo leo, maana diski hii ilianguka kimya na shemeji akaja kujua kwa mlio.

Diski mbovu, usimpe mtoto achezee wala usimuuzie mnunuzi wa chuma chakavu hivi hivi. Kwenye safu hii data imekatwa vipande vya kilobaiti 512, picha ndogo inaenea nzima ndani ya kimoja, na hizi ni picha za wake na mabinti za watu. Toboa kwa drili katikati ya sahani, matundu mawili matatu, ndipo uitupe.