Mtoto Anacheza Dakika Ngapi, na Anameza Nini?

Walimu wenzangu, wazazi, na wajumbe wa kamati za shule, habari za asubuhi.

Nianze na kipindi cha michezo, maana hapo ndipo tunapojidanganya zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya kumfanya ahemee, na angalau siku 3 kwa wiki yawemo makali, pamoja na ya kuimarisha misuli na mifupa, kama kuruka na kukwea. Sasa ratiba ikisema dakika 40 za michezo, usizihesabu 40. Shika saa, chagua mtoto mmoja bila yeye kujua, uhesabu muda ambao mwili wake unajongea kweli. Kubadili nguo, kuitwa majina, kupanga mstari, kungoja zamu ya mpira: vyote toa. Mara nyingi kinachobaki hakifiki nusu.

Watoto 40 na mpira mmoja maana yake wachache wanacheza na umati unatazama. Wagawe wannewanne au watanowatano, kila kikundi na mpira wake, hata wa kufuma kwa mkono, na maelezo yako yasizidi dakika moja. Achana na michezo ya kutoana. Anayetolewa kwanza ni yule asiye na mbio, na ndiye aliyehitaji kukimbia kuliko wote. Aliyeguswa aruke mara 10, arudi mchezoni. Na hili nawasihi: msimnyime mtoto mapumziko kwa sababu hakumaliza hesabu, wala msimzungushe uwanja kama adhabu. Tunamfundisha kuchukia kitu kile kile tunachotaka akipende.

Pasipo na uwanja, dakika 5 za kuchuchumaa na kukimbia papo hapo kati ya vipindi zinasaidia.

Tuje kwenye chakula. Kama ratiba inaruhusu, mchezo utangulie na chakula kifuate. Mtoto anayejua wenzake wako nje hula upesi upesi, mboga anaziacha, anakimbia.

Mboga zenyewe nazo tuzitazame. Zikiivishwa asubuhi na mapema zikakaa jikoni hadi mchana, hugeuka rangi, hulegea, na vitamini C nyingi hupotea. Kisha tunasema watoto hawapendi mboga! Pika mwishoni, kwa maji kidogo, uzitoe zingali na rangi yake. Mboga ngeni ianze kwa kiasi cha kijiko cha chai. Mtoto huweza kuhitaji kuionja mara 8 hadi 15 kabla hajaizoea, na wengi wetu tunakata tamaa mara ya tatu. Usimlazimishe, wala usimwahidi peremende akimaliza, kwani utakuwa umemwambia kwamba mboga ni karaha na peremende ndiyo zawadi. Lengo la siku nzima, matunda na mboga pamoja, ni angalau gramu 350 kwa wa miaka 6 hadi 9, na 400 kuanzia miaka 10.

Sukari ni hesabu fupi. Mtoto anayehitaji kilokalori 1,600 za nishati ya chakula kwa siku asifikishe asilimia 10 ya nishati hiyo kutokana na sukari ya kuongezwa, ya asali na ya juisi, yaani gramu 40. Soda moja ya mililita 330 ina takriban gramu 35. Lakini kabla ya kupiga marufuku soda, kagueni maji: yapo karibu na madarasa? Vikombe ni visafi? Kagueni na vyoo pia, maana mtoto anayeogopa choo kichafu hujizuia kunywa maji kutwa nzima.

Kwa wiki moja, pimeni mabaki ya sahani, mboga peke yake, kila siku. Badilisheni jambo moja tu, mpime tena wiki inayofuata.

Karibuni maswali; tuanze na shule zisizo na jiko.