Daktari Mtafiti Asiachwe Peke Yake: Namna ya Kuusaidia Utafiti Katika Hospitali za Watoto

Wakuu wa hospitali, madaktari, wauguzi, wafamasia na wenzangu wa ofisi za utafiti, karibuni.

Mwaka 1959 madaktari walionyesha kwamba watoto wachanga, hasa njiti, waliopewa kloramfenikoli kwa dozi kubwa walikuwa wakifa zaidi kuliko wasiopewa. Dawa hiyohiyo ilikuwa ikiwaponya watu wazima. Ini la kichanga lilikuwa halijakomaa kiasi cha kuibadilisha dawa hiyo ili itoke mwilini, kwa hiyo ilijikusanya, presha ikashuka na ngozi ikageuka kijivu. Ndiyo maana dozi ya mtoto haipatikani kwa kugawanya dozi ya mtu mzima. Lazima mtu autafiti mwili wa mtoto wenyewe, na mara nyingi mtu huyo ni daktari ambaye sasa hivi yuko zamu wodini. Leo ninamzungumzia yeye, na vitu anavyohitaji kutoka kwetu ili kazi yake ifike mwisho.

Nianze na muda. Hospitali humwandikia daktari barua kwamba asilimia 20 ya muda wake ni ya utafiti, halafu ratiba ya zamu inabaki vilevile. Mshika mbili moja humponyoka, na kinachomponyoka daktari ni utafiti, kwa sababu fomu inaweza kusubiri lakini mtoto anayedegedega hawezi. Asilimia 20 ni siku nzima katika wiki ya siku tano. Siku hiyo ionekane kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, iwe na jina la daktari atakayeshika wodi, na simu za wodi ziende kwake. Kukiwa na ruzuku, fedha ya siku hiyo iingie katika idara husika ili mbadala alipwe. Ikimezwa na mfuko mkuu, wenzake watabeba zamu zake bure, na haitachukua muda kabla hawajaanza kuuchukia utafiti wenyewe. NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, katika tuzo yake ya K23 kwa madaktari wanaoanza utafiti wa wagonjwa, kwa kawaida hudai angalau asilimia 75 ya muda. Si kila hospitali inamudu hesabu hiyo, lakini inatuonyesha uzito wa kazi yenyewe.

Fedha ya kwanza ikipatikana, ajiri mratibu wa utafiti kabla ya kununua friji ya sampuli. Mratibu ndiye anayepita asubuhi kuangalia waliolazwa usiku, anayejaza daftari la watoto waliochunguzwa, wakiwemo wasiofaa na waliokataa pamoja na sababu zao, anayewakumbusha wazazi miadi, na anayelinda faili la utafiti. Muuguzi mwenye uzoefu wa watoto huifanya kazi hii vizuri sana. Kosa la kawaida ni kumpa cheo hicho muuguzi wa zamu bila kumpunguzia wagonjwa. Daftari huishia kujazwa Ijumaa jioni kwa kumbukumbu, na mkaguzi hugundua upesi: mwandiko mmoja, wino mmoja, wiki nzima.

Mtakwimu naye aitwe kabla itifaki, yaani mpango kamili wa utafiti, haijaandikwa. Tuseme ugonjwa fulani unaua watoto 10 katika kila 100, na daktari anaamini tiba mpya itapunguza vifo hadi 5. Kwa uwezo wa asilimia 80 wa kuiona tofauti hiyo, anahitaji watoto 430 na kitu katika kila kundi. Kama tiba itashusha vifo hadi 7.5 tu, anahitaji karibu 2,000 kila kundi. Hapo swali linabadilika: je, wodi yetu inawapata? Msiulize makadirio ya daktari, kwa sababu matumaini huongeza hesabu. Fungueni rejesta ya wodi ya mwaka mzima, muwahesabu waliotimiza kila kigezo, muondoe waliofika usiku na wikendi kama hakuna wa kuwasajili, kisha muondoe wanaoweza kukataa. Mkichukua miezi ya mvua peke yake kwa ugonjwa wa msimu, mtajidanganya.

Idadi zikiwa kubwa, hospitali ziungane. Utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland katika Kenya, Uganda na Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2011, uliwapanga kwa bahati nasibu watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu. Waliopewa maji mengi ya mshipa kwa haraka walikufa asilimia 10.5 hivi ndani ya saa 48. Wasiopewa, asilimia 7.3. Hakuna daktari ambaye angeiona tofauti hiyo kwa macho wodini kwake, na wengi walikuwa na uhakika wa kinyume. FEAST ilitatua pia tatizo la ridhaa ya dharura: mzazi ambaye mtoto wake yuko hatarini alielezwa kwa ufupi na kukubali kwa mdomo, kisha maelezo kamili na sahihi vikafuata hali ilipotulia. Utaratibu wa namna hii hupitishwa na kamati ya maadili mapema. Haubuniwi saa nane usiku.

Sasa damu, kwa sababu hapa ndipo utafiti wa watoto unapoachana kabisa na ule wa watu wazima. Mtoto ana takriban mililita 80 za damu kwa kila kilo. Kanuni inayotumika sana ni kutozidi asilimia 1 ya damu yote kwa mara moja, na asilimia 3 katika wiki nne, kwa ajili ya utafiti. Kichanga wa kilo 3 ana mililita 240, kwa hiyo kikomo chake ni mililita 2.4 kwa mara moja na 7.2 kwa wiki nne. Itifaki inayodai mililita 2 mara nne imekwisha kuvuka kabla ya kuanza, hata kama kila mara peke yake inaonekana ndogo. Ongeza damu inayobaki kwenye sindano na mpira, na ile inayotolewa kwa matibabu, ambayo mtafiti huisahau kwa kuwa haimo kwenye bajeti yake. Suluhisho ni rahisi: kadi kitandani inayojumlisha kila mililita, ya tiba na ya utafiti, chupa ndogo za nusu mililita, na sampuli ya utafiti kutolewa pamoja na ya matibabu ili mtoto achomwe mara moja. Mtoto mwenye upungufu wa damu awekewe kikomo cha chini zaidi. Maabara ishirikishwe mapema, maana mashine nyingine hukataa chupa ndogo.

Mfamasia ana jambo lake. Kidonge kilichokatwa vipande vinne hakitoi robo nne sawa, na dozi inayotegemea uzito wa kukisia ni dozi ya kukisia. Mzani ukaguliwe, uzito uandikwe kwa kilo, na dozi ikaguliwe na mtu wa pili. Dawa inayohifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 isomewe joto kila siku, wikendi pia.

Kwenye data, tumieni mfumo unaokataa makosa papo hapo. REDCap, ulioanzia Chuo Kikuu cha Vanderbilt mwaka 2004, hutumika katika hospitali nyingi. Wekeni mipaka: umri kwa miezi usiingie kwenye kisanduku cha miaka, na tarehe ya kutoka hospitali isitangulie ya kulazwa. Hoja za data, yaani maswali kuhusu taarifa zinazotiliwa shaka au zilizokosekana, zijibiwe wiki ileile, kabla faili halijarudi masijala.

Madhara makubwa huripotiwa kwa mfadhili mara moja; itifaki nyingi huweka saa 24. Yasiyotarajiwa yanayoshukiwa kusababishwa na dawa hufika kwa mamlaka ya dawa ndani ya siku 7 yakiwa ya kifo au ya kutishia uhai, na 15 kwa mengine. Lakini katika chumba cha wagonjwa mahututi karibu kila mtoto ana tukio kubwa. Itifaki isipotaja mapema yapi ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, daktari atajaza fomu usiku kucha, na ile moja muhimu itapotea katikati ya hizo nyingine.

Mwisho, kabla maombi hayajaenda kwenye kamati ya maadili, mtu asiyehusika na utafiti huo ayasome yote kwa mkupuo mmoja. Maombi mengi hurudishwa kwa mambo madogo: itifaki inasema mililita 3, fomu ya ridhaa inasema 5, namba za matoleo ya nyaraka hazilingani, hakuna karatasi ya kumwomba mtoto mwenyewe akubali, ambayo kamati nyingi huidai kuanzia umri wa miaka 7 hivi, hakuna maelezo ya kumwomba ridhaa upya akifikisha 18. Msomaji huyo akague na bajeti, aone kama ina nauli za wazazi, ada ya famasia, na gharama za kufunga utafiti na kuhifadhi nyaraka. Hizo za kufunga husahaulika zaidi, kwa sababu huja wakati ruzuku imekwisha na mratibu ameshapata kazi kwingine.