Namba Hiyo Imetoka Wapi? Mhadhara kuhusu Kompyuta za Baiskeli

Mwenyekiti, waendesha baiskeli wenzangu, mabibi na mabwana.

Walionisikia mwaka jana watanivumilia, kwa sababu nimekuja na swali lilelile: namba unayoisoma pale kwenye usukani imetoka wapi? Nimealikwa kuzungumzia uchaguzi na matumizi ya kompyuta ya baiskeli yenye GPS, na naona baadhi yenu mmeshika kalamu mkisubiri jina la kampuni na bei ili mwondoke moja kwa moja kwenda dukani. Mtasubiri sana. Kiwe cha Garmin, cha Wahoo, cha Bryton au cha iGPSPORT, kifaa hicho hupokea mawimbi ya setilaiti zilezile, na asiyejua anachokipima atapotea nacho kiwe cha bei yoyote.

Nianze na mwinuko kutoka usawa wa bahari, maana hapo ndipo ugomvi wa Jumapili jioni unapozuka. Watu wawili wametoka Westlands hadi Limuru na kurudi, mmoja ameganda nyuma ya mwenzake njia nzima, lakini wakifika nyumbani huyu amepanda jumla ya mita 700 na yule mita 850, na kila mmoja anaapa kwamba kifaa chake ndicho kisemacho kweli. GPS hutambua mahali ulipo kwa kupima muda uliotumiwa na mawimbi kutoka setilaiti zisizopungua nne, ambazo huzunguka kiasi cha kilomita 20,200 juu yetu. Setilaiti za upande wa mashariki na za upande wa magharibi hurekebishana makosa, lakini chini ya miguu yetu hakuna setilaiti inayopokelewa, kwa hiyo kosa la mwinuko halina wa kulirekebisha, na kwa kawaida huwa kubwa kuliko kosa la mlalo, yaani la mahali ulipo ardhini. Ndiyo sababu vifaa vilivyo bora hubeba kipimahewa, ambacho hupima kanieneo ya hewa na kuigeuza kuwa mita. Katika mwinuko wa Nairobi, kanieneo ikipungua kwa hektopaskali moja, kifaa huhesabu kwamba umepanda takriban mita 10.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa kuwa kisa hiki kilinigharimu usingizi. Kwa majuma kadhaa nilikuwa nikitoka nyumbani saa nne asubuhi na kurudi saa kumi alasiri, na kila niliporudi kifaa kilinieleza kwamba kizingiti cha mlango wangu kimepanda kiasi cha mita 30. Nilikipeleka kwa muuzaji, ambaye sina haja ya kumtaja, naye akanishauri kwa upole mwingi ninunue kipya. Mimi nimefundisha fizikia kwa miaka mingi, na nikaona aibu kununua kifaa kabla ya kuuliza swali. Jumapili iliyofuata sikuendesha. Nilikiweka kifaa kwenye dirisha la jikoni, nikazima marekebisho yake ya GPS, nikaandika mwinuko kila baada ya saa moja nyuma ya bahasha, huku mama watoto akiniuliza kama ninangojea nyumba iruke. Nyumba ilipaa kweli! Kuanzia saa nne asubuhi ilipanda polepole, ikafika kileleni karibu na saa kumi alasiri, kisha ikaanza kushuka, na kufikia saa nne usiku ilikuwa imerudi karibu na pale ilipoanzia.

Kifaa hakikuwa na ubovu wowote. Angahewa ina kujaa na kupwa kwake kama bahari ya Mombasa, ila kinachoisukuma zaidi ni joto la jua, na kanieneo hufika juu karibu na saa nne, asubuhi na usiku, kisha hufika chini karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri. Sisi tulio jirani na ikweta ndio tunaoiona waziwazi. Kule Ulaya, ambako nyingi ya tathmini tunazozisoma huandikwa, mifumo ya hali ya hewa hupandisha na kushusha kanieneo kwa kiasi kikubwa zaidi, hata mawimbi haya madogo ya kila siku yakafunikwa. Msije basi mkadai kurudishiwa pesa kwa sababu Nairobi iko mahali ilipo.

Atasema mtu kwamba heri basi tuachane na kipimahewa, turekebishe mwinuko baadaye kwa ramani ya kompyuta. La hasha. Ramani hizo nyingi zimetokana na vipimo vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Marekani mnamo Februari 2000, navyo huigawa ardhi katika miraba yenye upana wa mita 30 au 90. Kwenye tambarare hakuna tabu, lakini barabara ya kuteremkia Mai Mahiu imechongwa ubavuni mwa Bonde la Ufa, na mraba mmoja unaweza kubeba genge lililo juu yako pamoja na korongo lililo chini yako, kisha wewe ukaandikiwa milima usiyoipanda. Chagueni kifaa chenye kipimahewa, kipeni mwinuko sahihi wa pale mnapoanzia, na mfahamu kujaa na kupwa kwa hewa. Na kile kitundu kidogo kilicho chini ya kifaa kikizibwa na jasho au tope, kisuuzeni kwa maji. Nilimwona kijana mmoja akikichokonoa kwa pini, na tangu siku hiyo hesabu zake za milima ni za kubuni.

Suala la pili ni umbali. Kifaa huandika mahali ulipo kila sekunde, au kila baada ya sekunde kadhaa kikiwekwa kubana betri, kisha huunganisha nukta hizo kwa mistari iliyonyooka. Ndani ya msitu wa Karura, penye kona za mfululizo na miti inayozuia mawimbi, mistari hiyo hukata kona na umbali hupungua. Dawa yake ni kihisi cha gurudumu kinachofungwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na kuhesabu mizunguko, lakini kihisi hicho nacho hutegemea mzingo wa tairi mliokipa. Wengi hunakili kutoka kwenye jedwali milimita 2,105 za tairi la saizi ya 700 kwa 25, wakasahau kwamba tairi lililojazwa upepo kidogo na kukaliwa na mtu wa kilo 90 si tairi la kwenye jedwali. Kosa la milimita 21 hukupotezea kilomita moja katika kila kilomita mia. Tia alama ya chaki kwenye tairi na nyingine sakafuni, keti juu ya baiskeli kwa uzito wako wote huku mwenzako akikushikilia, sogea mizunguko mitatu bila kupinda, pima, kisha gawanya kwa tatu. Kazi hii haifiki dakika kumi, na bado sijakutana na watu watano walioifanya.

Kuna wanaosema simu inatosha. Kwa kuzunguka Karura asubuhi, inatosha. Barabara ya Magadi ni habari nyingine, kwa sababu ukishaipita Corner Baridi unateremka kuelekea ziwa lililo takriban mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, ambako jua kali huifanya simu ipate moto na kioo chake kisisomeke, ilhali vioo vya kompyuta nyingi za baiskeli husomeka kwa mwanga wa jua lenyewe. Tena katika foleni za mjini, simu iliyo kwenye usukani ni zawadi kwa wapita njia. Na GPS haili bando. Inapokea tu, kama redio.

Mwenyekiti ananionyesha saa yake. Betri: zile saa zilizoandikwa kwenye boksi zigawanyeni kwa mbili mkitumia ramani na mwanga wa kioo. Ramani: nyingi hutokana na OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kawaida mtandaoni, ambamo Kibera ilikuwa pengo tupu hadi vijana wake walipoanza kuichora wenyewe mwaka 2009, kwa hiyo njia mliyoikuta imekosewa mnaweza kuisahihisha badala ya kulalamika. Kuhusu vipima nguvu vya kwenye pedeli nilikuwa na kurasa mbili, nazikunja.

Chaki na futi ya fundi ziko hapa mezani. Nimeona baiskeli ya kijani imeegemezwa mlangoni. Mwenyewe aje nayo mbele, tuanze na hiyo.