LEGCO na sisi watu wa ziwani: nani alimweka mjumbe kwenye kiti?

(Mazungumzo na vijana na wazee, Mwanza. Nimeyaandika kama nilivyoyasema.)

Mwangaluka ndugu zangu, wazee wangu shikamooni. Asanteni kwa kuja na jua hili.

Leo naongelea Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, lile wazee walikuwa wanaliita LEGCO. Nataka tuliangalie kwa swali moja tu: mjumbe aliyekaa mle ndani, nani alimweka, na nani angeweza kumtoa? Ukishajua hilo umeshamjua mjumbe, hata hotuba zake huhitaji kuzisoma zote.

Gavana Donald Cameron alilianzisha mwaka 1926. Maofisa wa serikali walikuwa 13, na pembeni wajumbe wachache wasio maofisa, Wazungu 5 na Waasia 2. Mwafrika hakuna hata mmoja! Hoja ilikuwa kwamba shughuli zinaendeshwa kwa Kiingereza na hakuna Mwafrika anayekijua vya kutosha, kwa hiyo mambo ya wenyeji yatasemewa na maofisa wa serikali. Yaani anayekutoza kodi ndiye huyohuyo anakusemea. Na kwa kuwa maofisa walikuwa wengi, kura ikipigwa serikali imeshashinda hata kabla watu hawajakaa.

Hali ikabaki hivyo karibu miaka 20, hadi 1945 walipoteuliwa Waafrika wawili, Chifu Abdiel Shangali wa Machame na mtu wa huku kwetu Usukumani, Chifu Kidaha Makwaia wa Shinyanga. Makwaia alikuwa kijana msomi, wa Makerere. Sasa kuna watu wanamsema vibaya kwamba alikuwa kibaraka, mimi hapo sikubaliani nao kabisa. Mtazameni alipokaa. Mtemi, yaani chifu, wakati ule alikuwa analipwa mshahara kwenye hazina ya wenyeji, juu yake yuko DC, mkuu wa wilaya, juu ya DC yuko PC, mkuu wa jimbo, juu kabisa Gavana, na Gavana akitaka anamvua utemi. Halafu mtu huyohuyo anaambiwa aende Dar es Salaam akaikosoe serikali. Atasema nini, na hata akisema atamshinda nani? Nyumbani watu wana hasira na sheria za kupunguza mifugo na amri za kulima, na anayetakiwa kuzisimamia kijijini ni yeye mtemi. Huo mzigo ulikuwa mzito jamani.

Nguvu yetu ilianza kujengwa mahali pengine, kwenye vituo vya kununulia pamba. Mkulima amebeba mzigo wake toka kijijini, anafika, mnunuzi anauweka kwenye mizani anasoma mwenyewe, anataja uzito, anakulipa, basi. Watu walijua wanapunjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakaanza kuweka watu wao wa kupima upya ile pamba kabla haijafika kwa mnunuzi, na hapo ndipo Paul Bomani na wenzake wakapita vijiji kwa vijiji wakiunda vyama vya msingi, mpaka 1955 ukazaliwa ushirika mkubwa wa Victoria Federation. Yule mpimaji alichaguliwa na wakulima wenyewe, akiiba wanamtoa msimu huohuo. Kwangu mimi hiyo ndiyo siasa yenyewe.

Bomani naye aliingia LEGCO kwa kuteuliwa, ni kweli, lakini nyuma yake kulikuwa na maelfu ya wakulima na Gavana alilijua hilo.

Mwaka 1955 LEGCO ikapanuliwa, upande wa serikali 31, upande wa pili 30, yaani Waafrika 10, Waasia 10, Wazungu 10. Ukisikia haraka unaona haki. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, Wazungu kama elfu 20. Na wakati huohuo TANU ilikuwa imepigwa marufuku Usukumani, toka 1954 hadi 1958, tawi halisajiliwi. Nyerere mwenyewe aliteuliwa LEGCO 1957, akakaa miezi michache tu, Desemba akajiuzulu kwa sababu serikali haikukubali hoja zake.

Halafu ikaja Geita, 1958. Serikali inataka mpango uleule wa rangi tatu uingie hadi halmashauri ya wilaya. Watu wakakataa, wakakusanyika kwenye boma la wilaya, wengine wakaja mpaka hapa Mwanza kumwona PC, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Hawakuwa wasomi wa katiba wale, lakini walielewa vizuri kabisa kwamba mjumbe wanayepewa si wao watakaomtoa. Mpango ukaachwa.

Uchaguzi wa 1958 na 1959 nao haukuwa wa wote. Kupiga kura ulitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo fulani, na ukifika pale unachagua watu watatu, Mwafrika, Muasia, Mzungu. TANU ilikubali kuingia baada ya mabishano makali kwenye mkutano wake wa Tabora, ikashinda. Agosti 1960 ikachukua viti 70 kati ya 71.

Wazee mliokuwepo enzi za Victoria Federation, kama kuna risiti au kitabu cha chama kiko nyumbani msikitupe, tuleteeni tupige picha mrudi nacho. Sasa maswali, tuanze na mama pale nyuma.