Meza yenye sifa

ZENA: Kabla ya salamu, kabla ya lolote: hiyo harufu ni ya nini?

ATHMANI: Asalaam alaykum wasikizaji. Dada Zena hajambo, kama mnavyomsikia.

ZENA: Ngazi za kwako nimezipanda mara ngapi? Leo sijafika hata nusu nikadhani kuna mtu kaanika papa darini.

ATHMANI: Ni meza.

ZENA: Ni meza, anasema! Haya. Wiki iliyopita tuliwaahidi mambo matano kwa anayetaka kujitengenezea meza ya kahawa ya kukaa nje. Nimeyaandika hapa: ubao, vipimo, skrubu, nafasi, mafuta. Tuanze na la mwisho, maana ndilo linalonuka.

ATHMANI: Nieleze vizuri. Meza niliimaliza Jumatatu. Nikajiuliza, jahazi linakaa baharini miaka na miaka, linapakwa nini? Sifa, mafuta ya papa. Nikaenda hadi kijiji cha Matondoni kwa fundi mmoja wa vyombo, akanijazia chupa ya soda. Jioni nikapaka kwa kitambaa, mara mbili. Dada, ubao wa mbambakofi ukinywa mafuta unageuka rangi ya tende! Nikakaa naitazama mpaka isha.

ZENA: Halafu?

ATHMANI: Halafu usiku nikasikia kitu kinalamba.

ZENA: (anacheka) Subhanallah.

ATHMANI: Nikawasha tochi. Mapaka 11. Nimewahesabu. Meza ni sentimita 110 kwa 60, mapaka 11! Mmoja kakaa katikati kama kadhi, wengine wanalamba pembeni kwa zamu.

ZENA: Wamepita wapi?

ATHMANI: Lamu hii paka anauliza njia? Ukuta wa jirani, makuti, kwangu.

ZENA: Basi hiyo ndiyo meza yenye sifa. Imevuma mji mzima.

ATHMANI: Umeanza.

ZENA: Wenzako hutafuta sifa kwa sadaka, wewe umeijaza kwenye chupa ya soda.

ATHMANI: Fundi alinambia, "Iwate ipigwe na yua, harufu itapungua." Leo siku ya tano.

ZENA: Fundi chombo chake kimetia nanga majini. Umeona paka anaogelea? Na wa nyumbani anasemaje?

ATHMANI: Hasemi. Amechukua mkeka wake amehamia chini.

ZENA: Na mzee wetu wa kahawa? Maana meza ni ya kahawa.

ATHMANI: Alikuja jana na dele lake. Akanimiminia, nikamwonyesha meza, nikamwambia weka finjani hapo. Akaitazama meza, akanitazama mimi, akanipa finjani mkononi. "Kahawa haikai, mwanangu. Kahawa hunywewa."

ZENA: Huyo ndiye angekuwa mwenzangu humu, si wewe. Sasa nikuulize. Nimepitisha kidole juu ya hizo mbao, sikuona nafasi. Hata kadi ya simu haipiti.

ATHMANI: Nimezikalafati. Pamba katikati, kama chombo.

ZENA: Athmani.

ATHMANI: Nini?

ZENA: Chombo kiko majini, mdogo wangu. Ubao unakunywa, unavimba, unaibana ile pamba. Ndiyo maana jahazi likikaa pwani muda mrefu maungo hufunguka, na siku ya kushushwa huvuja mpaka mbao zivimbe tena. Mbao zako zimekaukia juani kaskazi nzima, na masika yako mlangoni. Ubao hutanuka kwa upana, si kwa urefu. Mbao 6 zikivimba pamoja zitakwenda wapi? Zitang'oa miguu. Ungeacha milimita 5 tu, maji yapite yaende zake.

ATHMANI: Na kahawa nayo ipite imwagikie mgeni miguuni? Na halua?

ZENA: Ufagio upo.

ATHMANI: Sitaha ya jahazi hailali majini, dada. Iko juani kama meza yangu, na imekalafatiwa.

ZENA: Sitaha inamwagiwa maji ya bahari kila leo. Wewe utaimwagia meza maji kila asubuhi?

ATHMANI: Ikibidi nitaimwagia.

ZENA: Na ya mvua yakituama juu?

ATHMANI: Nimeilaza kidogo. Upana wa kidole, upande wa bahari.

ZENA: Kwa hivyo finjani itajiendea yenyewe kutazama kisiwa cha Manda.

ATHMANI: Haiendi. Nimeijaribu.

ZENA: Ikiwa na kahawa?

ATHMANI: ... Nusu.

ZENA: Mimi nasema milimita 5.

ATHMANI: Na mimi nasema pamba. Babu zetu walivuka hadi Maskati kwa pamba.

ZENA: Hawakuvuka juu ya meza! Masika haya nitakuja na rula.

ATHMANI: Njoo. Utakuta kavu.

ZENA: Nitakuta paka.

ATHMANI: Tumebakiwa na dakika ngapi?

ZENA: Nne hivi, kisha magharibi, na msikiti uko hapo ubavuni. Na bado mambo matatu. Haya, skrubu! Upesi.

ATHMANI: Stenlesi. Za kawaida upepo huu wa chumvi utazila, na ubao utafanya michirizi ya kutu. Na utoboe kwanza kwa drili, tundu jembamba kuliko skrubu. Mbambakofi haulazimishwi. Mimi nilijifanya mwanamume, nikakata vichwa 4. Viwili vimo ndani mpaka leo.

ZENA: Hilo ulinificha.

ATHMANI: Viko chini ya pamba, havionekani.

ZENA: Kumbe pamba ina kazi! Vipimo?

ATHMANI: Kimo sentimita 42, ili mtu aliyekaa kwenye kiti—

ZENA: Kiti gani? Darini kwako kuna mikeka na mito. Mtu akikaa chini meza inamfika kidevuni.

ATHMANI: Viti vitakuja.

ZENA: Vitakuja na sifa pia? Na ubao, wasikizaji, ubao tutau... Athmani, tazama nyuma yako.

ATHMANI: Shuka! We, shuka! Siyo hapo, hiyo ni maikrofoni—

(Adhana.)